Makabaila wa Msituni

Chuo kikuu cha Bara kilimleta kwetu mwanamke mmoja kuuliza swali ambalo kila mtoto wa kusini ya Unguja alijua jibu lake, na nusura jibu hilo hilo limkoseshe shahada.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mashamba yalikwisha gawiwa eka tatu tatu, na neno "kabaila" lilikuwa bado la moto mdomoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya. Asubuhi nilikwenda bandarini kutazama meli ambazo hazikunichukua, jioni nikenda Forodhani kunusa mishkaki ya watu wengine. Baadaye meli zilinichukua, moja baada ya nyingine, na sasa nimevuka miaka arubaini na nimelala katika bandari nyingi kuliko nilizozipenda. Lakini nikikaa mahali nikachoka napo, akili yangu hairudi mjini. Inarudi kwenye kijiji kile cha mawe, kibarazani kwa bibi yangu.

Aliyenipeleka huko ni mjomba wangu, karani katika ofisi moja ya mjini iliyoshughulika na wageni wa kitaaluma. Alinikuta nimeegemea ukuta.

"Bibi yako si yuko kusini?"

"Yuko."

"Na lugha yao unaijua?"

"Nnaisikia. Nikiisema wananicheka."

"Basi umepata kazi. Kuna Mbara mmoja anakwenda huko, mwanamke, msomi. Usimpoteze."

Msomi mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na kitu, mrefu, mtu wa milimani, ana miwani minene na gauni refu la kitambaa kizito ambacho kwa joto letu kilikuwa adhabu. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani. Kila sentensi imepigwa pasi. Tulipanda gari la shamba Darajani, tukakaa ubavuni mwa matenga ya samaki matupu, na tulipopita Mwanakwerekwe, ambako siku hizo kulikuwa nje ya mji, alikuwa keshanihadithia masaibu yake yote.

Alitaka kujua namna watu wanavyoishi na msitu. Nani anaruhusiwa kukata, nani anakatazwa, nani anaamua, na serikali inapotunga sheria ya miti, inawauliza hao wanaoamua au haiwaulizi? Siku hizi nnasikia mambo hayo yana idara yake, na maprofesa wake, na mikutano yenye chai. Wakati ule hayakuwa na mlango wa kuingilia. Alikwenda kwa walimu wa elimu ya jamii, wakamwambia miti ni kazi ya watu wa misitu. Akenda kwa watu wa misitu, wakamwambia wao hawasomi watu, watu wanasumbua. Mwisho mwalimu mmoja alimkubali kwa shingo upande. Alimpa sharti: arudi na kitu ambacho hakijaandikwa, ama sivyo nafasi yake ya shahada ya pili atapewa kijana mwengine aliyetaka kuandika juu ya vyama vya ushirika.

"Yeye mada yake ina mlango," alisema, na akacheka kidogo bila furaha.

Na kibali chake cha kukaa Unguja kilikuwa kifupi. Kingekwisha mwanzo wa masika. Ili kiongezwe, ilibidi apeleke mjini taarifa ya nusu ya kazi na afisa anayehusika aridhike nayo. Kisipoongezwa, angerudi Bara na nusu ya majibu, na nusu ya majibu haitoi shahada.

Bibi yangu alikuwa kibarazani anatafuna tambuu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mgeni.

"Huyu ndiye mkeo?"

"Si mke wangu, Bibi. Ni mtafiti."

"Kapoteza nini?"

"Hakupoteza kitu. Anatafuta elimu."

"Na kaja kuitafuta kwangu?" Bibi alitema tambuu, akasogea kumpa nafasi. "Karibu, mwanangu. Kaa. Ikiwamo humu ndani tutaiona."

Walipendana siku ile ile. Mtafiti alikula muhogo wa nazi na pweza kama aliyezaliwa nao, na kwa bibi yangu hiyo ilikuwa ndiyo shahada ya kwanza.

Kijiji chenyewe kilikuwa juu ya mawe. Watu walilima katika vishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe, na vichaka vilivyozunguka vilikuwa vya kimo cha mtu, kwa sababu vilikatwa kila mara kwa kuni na kwa kuchomea chokaa. Ila upande mmoja, nyuma ya visima, palikuwa na msitu wa miti mikubwa iliyofungamana, na ndani yake pango lenye maji. Hapo hapakuwa na alama ya shoka. Mtafiti alipouona alisimama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa mchoma chokaa, mtu anayehitaji kuni kuliko wote. Nilikuwepo, nimekaa juu ya gogo, tayari kufasiri.

"Msitu ule ni wa nani?" aliuliza mtafiti.

"Una wenyewe."

"Wenyewe wanaishi hapa kijijini?"

"A-a. Hawakai na sisi."

"Lakini huja?"

"Wakitaka wanakuja."

"Na mtu akitaka kukata kuni, huwalipa?"

"Hawalipi. Anawapa chao."

"Chao ni nini?"

"Ubani. Marashi. Mkate wa kumimina. Pengine kuku, na akiwa mweusi ndiyo vizuri zaidi."

Mtafiti aliandika: kuku mweusi. "Na asiyewapa?"

"Ataumwa."

Kalamu ilisimama. "Wanampiga?"

Mchoma chokaa alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "Mmoja alipigwa kofi, mdomo ukenda upande. Mpaka leo uji anaunywea upande mmoja."

"Na hakwenda kushitaki?"

"Akashitaki wapi?" Alinigeukia mimi, kama aniulize huyu mtu nimemtoa wapi.

Kazi yangu ilikuwa kumfasiria maneno asiyoyajua, na katika mazungumzo yale hapakuwa na hata moja. "Una wenyewe" ni Kiswahili safi. Kwetu neno hilo husemwa ili lisisemwe lile jengine. Wale hawatajwi kwa jina, kwani ukiwataja wanadhani umewaita, na wakija bila ya kuwa na shida nao utawapa nini? Mtoto wa miaka minne anajua. Haikunipitikia kwamba kwao milimani mwenyewe wa ardhi ni mtu mwenye tumbo, hati na mbwa.

Aliwauliza wengine, na wote wakamjibu vile vile, kwa sauti ya chini vile vile, na wote wakatazama pembeni. Kila walivyonong'ona ndivyo alivyozidi kuamini kuwa ameshika jambo. Alikaa kibarazani akaandika taarifa yake kwa mashine ya taipu aliyokuja nayo, na kuku wakahama uwanjani.

"Anaandika au anapigana nayo?" bibi yangu aliniuliza.

Taarifa ilikuwa ya Kiingereza, kwa ajili ya mwalimu wake. Humo alisema kwamba msitu uko mikononi mwa wamiliki wasioishi kijijini, wanaotoza watu vyakula na manukato, wanaoadhibu kwa kupiga, na wanaoogopwa kiasi cha watu kutothubutu kuwataja. Nakala ikapelekwa mjini kama kibali kilivyotaka. Mjini mkubwa mmoja alipenda kila kitu akisome kwa Kiswahili, na taarifa akapewa mpiga taipu aigeuze. Mpiga taipu alifika penye wamiliki wa ardhi wasioishi kwenye ardhi yao, wanaotoza na kupiga. Hakuhitaji kamusi. Kwa Kiswahili cha miaka ile watu hao walikuwa na jina moja tu, akaliandika: makabaila.

Kwa hivyo habari iliyotua juu ya meza ni kwamba kusini ya Unguja wamebakia makabaila, na wanakula kuku.

Afisa alikuja kwa gari la serikali, asubuhi, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa makamo, suti ya mikono mifupi, viatu vyeusi vya kamba vilivyong'arishwa vikang'ara. Kibali cha mtafiti alikuwa nacho mfukoni. Alikitoa, akakionyesha, akakirudisha.

"Mimi ndiye wa kukiongeza, ndugu," alimwambia, "na sikiongezi mpaka nipate majina yao. Ukinipa majina, kaa hata mwaka. Usiponipa, ina maana umeandika uongo au unawaficha, na kwa yote mawili gari lina nafasi, utarudi na mimi."

Mtafiti aligeuka rangi. Majina hakuwa nayo.

Akaitwa mwenyekiti wa tawi la chama kijijini, mtu mnene aliyependa mikutano. Alikuja anafunga vifungo njiani.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema afisa, "umekaa na makabaila muda wote huu na hukutuarifu."

"Makabaila wa wapi, ndugu Afisa?"

"Wa msitu wenu."

Mwenyekiti alimtazama mtafiti, akanitazama mimi, akamtazama bibi yangu, na kwa bibi yangu akagundua jambo, kwa sababu bibi alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga na mabega yanatikisika.

"Ndugu Afisa," alisema kwa upole, "hapa ni mawe matupu. Kabaila gani aache mikarafuu aje kula mawe?"

"Hali mawe. Anakula kuku. Imeandikwa. Mnanificha nini?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mikutanoni watu walikuwa wakihimizwa kuacha mambo ya kale, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akihimiza, kwa sauti kubwa, mpaka povu. Angesemaje leo, mbele ya gari la serikali, kwamba kuku ni wa nani? Na kama ingefika mjini kwamba msitu mzima umesimama kwa sababu hiyo, wangekuja watu na misumeno kuwafundisha watu maendeleo.

"Twende ukauone," alisema mwenyekiti. Nadhani hakujua la kusema jengine.

Tukaenda sote: afisa mbele, mwenyekiti, mtafiti na daftari lake kifuani, mimi, na bibi yangu aliyesema anakwenda kuchota maji ingawa hakuchukua ndoo. Tulipovuka visima njia ikawa nyembamba na baridi. Kwenye mti wa kwanza mkubwa palikuwa na vipande vya nguo vimefungwa, vyekundu na vyeupe, na chini yake vigae vya chetezo na kirundo cha jivu. Harufu ya ubani ilikuwa bado ipo.

Afisa alisimama. Alitazama vitambaa. Alitazama jivu. Mimi sikuijua asili yake wakati ule. Baadaye mjomba aliniambia alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu, na mama yake alikuwa bado huko, na kila mwezi alikwenda Mkokotoni kupanda chombo kumwona. Pale nilichokiona ni mtu mzima wa ofisini anainama taratibu, anafungua kamba za viatu vyake, kimoja, kisha cha pili, anaviweka sambamba pembeni ya njia.

"Ndugu Afisa," aliuliza mtafiti, "mbona unavua viatu?"

"Miguu imechoka."

Mwenyekiti alikuwa anatazama ndege. Naye viatu alikwisha vua, sikuona saa ngapi. Bibi yangu siku zote alikwenda peku.

Mtafiti alitazama miguu yote ile juu ya majani, kisha viatu vyake mwenyewe. Akanigeukia polepole.

"Wenyewe," alisema.

"Naam."

"Wenyewe ndio nani?"

"Nshakwambia. Wenyewe."

Alifumba macho. Nilidhani atalia, kumbe alikuwa anasoma upya taarifa yake yote kichwani, mstari kwa mstari, mpaka penye kofi. Alipofika penye kofi alikaa chini juu ya jiwe.

Tulirudi kibarazani. Bibi alileta kahawa, na afisa alikunywa kikombe cha kwanza bila kumtazama mtu.

"Sasa nikaandike nini?" alisema mwisho. "Nikiandika makabaila, nitaulizwa majina. Nikiandika wale, nitaulizwa nina akili gani."

"Andika hakuna mtu," alisema mwenyekiti.

"Nikiandika hakuna mtu, msitu hauna msimamizi. Usio na msimamizi unagawiwa. Wiki ijayo wanakuja kukata."

"Andika wazee."

"Wazee gani? Nitatakiwa niwalete. Wewe unaye mzee wa kumleta?"

"Andika wazee waliokufa."

"Waliokufa, ndugu Mwenyekiti, hawapati ardhi. Hata eka tatu hawapati."

Mtafiti alijaribu kusema kwamba yeye ataandika barua kueleza kosa lake la neno, na afisa akamwambia hapana, kosa la neno litawafanya wamwulize neno sahihi ni lipi, na tutarudi pale pale. Niliona mkono wa mtafiti unashika pembe ya daftari, unaiachia, unaishika. Gari lilikuwa limeegeshwa pale mbele, mlango wazi.

Bibi yangu alikuwa anakuna nazi wakati wote huo, amekalia mbuzi, amewapa mgongo. Hakugeuka.

"Hebu nyinyi watu wa mjini nifahamisheni," alisema. "Wako wengi. Wanakaa pamoja. Hawaonekani. Ukiwa na shida unawapelekea, wanazungumza wao kwa wao, na hujui watajibu lini. Wakikataa hawasemi kwa nini. Na ukenda mikono mitupu hawakusikii kabisa. Kitu cha namna hiyo nyinyi kule mnakiitaje?"

Afisa alishusha kikombe.

"Kamati," alisema.

Mwenyekiti wa tawi, ambaye alikuwa mjumbe wa kamati zisizopungua nne, alikohoa.

"Kamati," afisa alirudia, na mara uso wake ukafunguka. Alitoa kalamu. "Msitu unasimamiwa na kamati ya jadi. Kuna utaratibu wa maombi. Kuna adhabu kwa wanaokiuka. Hakuna makabaila. Hii nzuri. Hii wataipenda."

"Mimi siwezi," alisema mtafiti.

Wote tulimgeukia. Nilitamani kumfinya.

"Katika taarifa yako andika kamati, ndugu Afisa, sina neno. Lakini katika tasnifu yangu siandiki kamati. Nimeshakosea mara moja kwa kuwageuza watu wa hati. Sitawageuza tena wajumbe. Nitaandika wenyewe, na nitaeleza ndio nani."

"Tasnifu yako itasomwa na nani?"

"Na mwalimu wangu. Na wengine wawili."

"Tu?" Afisa alionekana kumwonea huruma. "Basi andika hata kuwa wana mikia. Mimi nashughulika na zinazosomwa."

Akakitoa kibali, akakiweka juu ya goti, akafungua kalamu tena. Lakini hakutia saini. Aliitazama ile karatasi, kisha akatazama mgongo wa bibi yangu.

"Bibi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imerudi kisiwani kwao. "Hiyo kamati... inapokea ombi la mtu wa mjini?"

Mbuzi ilinyamaza kukwaruza. "Inategemea anaomba nini."

"Nimeomba fleti. Zile nyumba mpya. Nina watoto sita katika chumba na ukumbi, na mke wangu kesha choka kuniuliza."

"Na fleti hizo zinatolewa na nani?"

Afisa alisita. "Na kamati."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliuma mdomo wa chini. Bibi yangu aligeuka taratibu, kifuu cha nazi mkononi, akamtazama afisa kama anayepima kitambaa.

"Basi ntawaambia wa kwangu wakazungumze na wa kwako," alisema. "Lakini wao wana tabia mbaya. Hawamsikilizi mtu aliyeacha kazi ya mwenzake nusu." Akakielekeza kifuu kwenye goti la afisa.

Afisa alitia saini.

Kama alipata fleti sijui. Mwaka uliofuata nilipanda meli. Nilichosikia kwa mjomba, kwa barua, ni kwamba tasnifu ya mtafiti ilizua ugomvi baina ya watu wa misitu na watu wa elimu ya jamii, safari hii kila upande ukidai ni yake, na kwamba alipewa shahada kabla hawajamaliza kugombana. Yule kijana wa vyama vya ushirika alisubiri zamu yake.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Gari liliondoka na vumbi lake. Mwenyekiti alibaki kidogo akieleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa anajua la kufanya, kisha akaaga. Mtafiti alikunja kibali mara mbili, akakitia ndani ya daftari, akavuta mkeka mpaka karibu kabisa na mbuzi ya bibi, akakaa chini na kuvua miwani.

"Bibi," aliuliza, na kwa mara ya kwanza sentensi yake haikupigwa pasi, "hawa wenyewe, wanapomkatalia mtu kuni, nani anayejua kama wamekataa?"

"Mimi na dada yangu. Sisi ndio wa kuwauliza."

"Na mara ya mwisho walimkatalia nani?"

Bibi yangu alinyoosha shingo, akahakikisha mwenyekiti kesha pinda kwenye njia ya visima.

"Huyo huyo anayekwenda," alisema. "Harusi ya mpwa wangu hakuja, na hata sahani hakutuazima. Andika, mwanangu. Andika vizuri."